Jumamosi asubuhi sokoni Kigoma: uanzie Kibirizi au Mwanga?

#1 Mtwale Mdogo

Wakuu, salaam. Kila wiki kuna mgeni aliyehamia huku mwisho wa reli anauliza namna ya kwenda sokoni, na majibu yanatawanyika kwenye nyuzi kumi. Tuyaweke hapa.

Orodha ni hii: dagaa wakavu sado mbili (sado ni kopo la lita 4), migebuka wabichi, mawese lita tano, maharage debe moja, unga wa muhogo, kisamvu, nanasi. Siku ni Jumamosi, usafiri ni bodaboda na daladala. Unaanzia wapi, mwaloni Kibirizi au soko la Mwanga, saa ngapi, na unajuaje kuwa umeuziwa kitu chenyewe? Bei tusiandike, uzi ukisomwa mwezi ujao itakuwa uongo.

#2 Kipe na Karabai

Anza ziwani, halafu ndiyo upande Mwanga. Si ushabiki wa Kibirizi, ni suala la saa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, vyombo vinarudi alfajiri, na samaki wabichi wanatoka mikononi mwa wavuvi kuanzia kwenye saa 12. Saa 2 ikipita, dagaa waliobaki wameshamwagwa juani, na migebuka iliyobaki imeshapigwa jua. Maharage hayaharibiki kwa kukusubiri saa mbili. Samaki anaharibika.

Lakini kabla ya saa, tazama mwezi. Taa haivuti dagaa wakati mbalamwezi imewaka ziwa zima, kwa hiyo siku za mwezi mpevu vyombo vingi vinapumzika. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya kuuliza mtu: Jumamosi ikiangukia kati ya tarehe 12 na 18 ya mwezi mwandamo, usitegemee dagaa wabichi, na wakavu utakaowakuta ni wa akiba. Si wabaya kwa kuwa ni wa akiba, ila ndio wanaotaka kukaguliwa zaidi.

Wakavu kagua hivi:

Chukua mmoja umkunje. Akivunjika kwa mlio, amekauka. Akijikunja kama uzi, ana maji, na ukimfungia nyumbani atapata ukungu ndani ya wiki. Pia ana uzito wa maji unaoulipia.

Rangi: dagaa mzuri anang'aa fedha ubavuni. Akigeuka kahawia au njano ya kutu, mafuta yake yameshachacha kwa hewa na jua. Kumwanika upya hakumrudishi.

Tumbo: ukiona wengi matumbo yamepasuka na vichwa vimetoka, walianza kuoza kabla ya kukauka. Hapo ama walichelewa kufika nchi kavu ama walikutwa na mvua.

Mchanga: omba konzi moja, itie kwenye bakuli la maji, koroga, acha dakika mbili. Mchanga unakaa chini, dagaa wanabaki juu. Kama huna bakuli, wasugue kiganjani juu ya karatasi nyeupe.

Waliokaushwa kwenye chanja wanapita hewa juu na chini, hawaokoti mchanga, na wanakauka kwa usawa. Wa mchangani wanakuwa wakavu mgongoni na wabichi upande uliolalia chini kama hawakugeuzwa. Kiangazi, Juni hadi Septemba, jua la siku moja linatosha. Masika siku mbili tatu, na ndiyo maana dagaa wa Machi wanaleta ugomvi nyumbani.

#3 Bangwe

Nakazia hapo kwa mwezi. Wengi wanadhani bei inapandishwa na tamaa, kumbe ni mbalamwezi tu.

Ongeza na hili: Kibirizi ndipo boti za Burundi na Kongo zinapakia. Siku wanunuzi wa ng'ambo wakiwa wengi, mnunuzi wa sado mbili hasikilizwi na mtu. Usishindane nao kwenye magunia. Tafuta akina mama wanaokausha kiasi kidogo pembeni, ndio wanaouza kwa sado.

#4 Mama Chikichi

Naona mmejaa kwenye dagaa, ngoja nishike mawese, maana hapo ndipo wageni wanapoliwa.

Kwanza mtu asidanganywe na mgawanyiko. Asubuhi za baridi, hasa Juni na Julai, mawese kwenye chupa yanajitenga: juu wekundu mwepesi, chini uzito wa njano. Mgeni anasema "yamechanganywa". Hayajachanganywa. Mawese yana sehemu inayoganda mapema na sehemu inayobaki majimaji, na Kigoma alfajiri inatosha kuyagandisha nusu. Yaweke juani robo saa yanarudi kuwa kitu kimoja. Kitakachobaki chini baada ya hapo ndicho cha kuulizia: maji au masimbi, yaani mashapo.

Kupima maji kuna njia mbili. Ya kwanza ni kijiko: chota kutoka CHINI ya dumu, si juu, pasha kwenye moto. Yakichachatika na kuruka, yana maji. Yakitulia na kutoa harufu yake, ni makavu. Ya pili ni mrija: chukua mrija mrefu unaoonyesha ndani, uzamishe mpaka kitako cha dumu, ziba tundu la juu kwa kidole gumba, uutoe. Umepata mawese kwa tabaka zake kuanzia chini hadi juu. Muuzaji wa haki hakatai mrija.

Ladha nayo inasema. Lamba kidogo. Yakikereketa koo, chikichi zilirundikwa siku nyingi baada ya kukatwa, au zilipondekapondeka, ndipo zikachemshwa. Chikichi ikishajeruhiwa, asidi inaanza kupanda ndani ya mafuta, na kinachoizuia ni kuchemsha mapema. Wakamuaji wengi wanavundika mikungu siku kadhaa ili chikichi ziachie kirahisi. Siku chache ni sawa, zikizidi ndiyo hayo ya kukereketa. Kwa kukaangia samaki hutayahisi sana. Kwa kuunga maharage utayahisi.

#5 Mpimaji

Mama umenena. Mtu mmoja kwenye uzi mwingine alishauri kupima dumu kwa mizani ili kujua kama mawese yana maji. Haisaidii. Lita ya mawese ina uzito wa gramu kama 910, lita ya maji gramu 1,000. Katika dumu la lita 20, ukiondoa lita nzima ya mawese ukaweka maji, uzito unaongezeka gramu 90 tu. Mizani ya sokoni haioni hiyo, na dumu tupu zenyewe zinatofautiana zaidi ya hapo. Mrija ndiyo dawa.

Nikija kwenye vipimo vingine. Sado ni kopo la rangi la lita 4, debe ni lita 20. Kwa hiyo debe moja ni sado tano za mfuto, yaani zilizofutwa juu kwa ubao au kiganja. Sokoni sado inauzwa kwa kichwa, mlima ukiwa juu, na hapo ndipo biashara ilipo. Maharage makavu, sado ya mfuto ni kilo 3 na kidogo. Ikiwa na kichwa kizuri inasogea kwenye 3 na nusu. Ukiuziwa "debe" kwa sado tano zilizofutwa wakati jirani anapata za kichwa, umepoteza kilo mbili bila kuibiwa kitu kinachoonekana.

Mambo ya kutazama kwenye sado: kitako kilichosukumwa ndani, ubavu uliobonyezwa, na karatasi au kitambaa kilichotandikwa chini "ili isivuje". Maharage hayavuji. Njia nzuri ni kwenda na sado yako uliyoipima nyumbani kwa chupa nne za maji za lita moja. Akikataa kuitumia, jibu umelipata.

Kwa dagaa ni tofauti. Dagaa wanashikana, kwa hiyo sado iliyomwagiwa polepole imejaa hewa. Itikisike mara tatu kwanza, ndiyo aweke kichwa. Asitikise kwa kushindilia, maana atavunja dagaa nawe utabeba unga.

#6 Mtwale Mdogo

Sawa mkuu, na mizani je? Kuna wanaouza maharage kwa kilo.

#7 Mpimaji

Kilo ni bora kila inapopatikana. Tazama vitu vitatu: stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, mshale uwe kwenye sifuri bakuli likiwa tupu, na mizani isiwe imeegemea kitu. Ukiwa na wasiwasi, weka chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Inapaswa kusoma kilo 1.5 na chembe kidogo ya chupa yenyewe. Ikisoma 1.7, hama meza bila maneno.

Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ni kosa kisheria, hata kama kila mtu anaifunga. Gunia mwisho kilo 100.

#8 Kasulu Road

Kwenye maharage niruhusiwe. Mengi yanayofika mjini yanatoka Kasulu na Buhigwe, na yanapitia Mwandiga. Mwenye haja ya debe mbili na kuendelea anaweza kuishia Mwandiga hapo njia panda, asihangaike kubeba kutoka Mwanga. Kwa debe moja nauli inameza faida.

Mapya na ya zamani ndiyo tofauti kubwa, kuliko hata aina. Mapya yanaingia Januari baada ya msimu wa kwanza, na mengi zaidi Mei na Juni. Ukikutana na maharage Oktoba ujue yamekaa stoo miezi minne kwa uchache. Yaliyokaa kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, yanakula kuni na mkaa saa tatu na bado ganda linabaki peke yake. Kuyatambua: ya njano yanafifia na kuelekea kahawia, ganda linakosa mng'aro. Liume moja: jipya linakubali jino kidogo, la zamani linapasuka kama jiwe. Jipya mno nalo, lisilokauka, linaacha alama ya jino. Hilo litaota ukungu kwenye debe.

Usichanganyiwe aina mbili kwenye sado moja. Maharage aina ya soya na ya njano hayaivi pamoja, moja inapondeka nyingine ikiwa bado inagonga sahani.

Vitundu vidogo vya mviringo maana yake wadudu wameshatoka, na mayai ya wengine yamebaki. Kama ni lazima ununue hayo, usiyamwage kwenye debe la zamani. Yaanike, yapepete, yaweke kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ufunge kila tabaka peke yake baada ya kukamua hewa. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, hakuna dawa inayohitajika. Mfuko ukipata tundu moja la panya, kazi yote imekwisha.

#9 Sombe

Hamjagusa mboga na unga, na ndivyo vinavyoliwa kila siku!

Kisamvu kilichotwangwa kinuke ubichi wa jani. Kikinuka uchachu, kilitwangwa jana. Kikifungwa kwenye nailoni juani, muda si mrefu kimeshavuta maji na kuchacha. Mwenye nafasi anunue majani, achague machanga ya juu, atwange mwenyewe. Kukipika: chemsha bila kufunika, nusu saa kwa uchache, ndipo mawese na karanga vifuate. Muhogo una sumu ya sianidi inayotoka na mvuke, sasa ukifunika sufuria unairudisha ndani. Na chumvi iingie mwisho. Ya Uvinza kama unaipata, sisemi zaidi, watu wa Uvinza watanielewa.

Unga wa muhogo: mweupe usiong'aa sana, wenye harufu nyepesi ya uchachu. Madoa meusi au kijani kwenye makopa (vipande vya muhogo mkavu) ni ukungu, usikubali kuambiwa "unaisha ukisagwa". Unaisha machoni tu. Bora ununue makopa uyavunje mbele ya muuzaji kuona ndani, kisha usagishe. Ukinunua unga, chukua konzi uikamue: ukishikana na kubaki na alama za vidole, haukukauka. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku tatu nne kabla ya kuanikwa unaacha uchungu mwisho wa ulimi. Unga wa hivyo usiulazimishe, hata kama umeshalipa.

#10 Bangwe

Dada Sombe, kwenye mchele huna la kusema?

#11 Sombe

Mchele haumo kwenye orodha ya mleta uzi, kaka. Tusimwongezee mzigo.

#12 Ujiji Kwetu

Mnazungumza kama vile soko ni Mwanga na Kibirizi tu. Anayekaa upande wa Ujiji kwa nini apande mpaka mjini? Soko la Ujiji lina nanasi, ndizi, mawese na samaki, na kelele ni ndogo. Daladala za Ujiji zinapita Mwanga, kwa hiyo anayetaka vyote viwili anaweza.

Nanasi: nusa kitako, si taji. Likiwa na harufu tamu kitakoni limeiva. Likinuka pombe limepita. Kuvuta jani la taji ni mchezo tu, linatoka hata kwenye bichi. Nanasi likishakatwa haliongezi utamu, linabadilika rangi na kulainika basi, kwa hiyo usinunue la kijani kwa matumaini.

#13 Kipe na Karabai

Ujiji sina ugomvi nayo. Ila kwa migebuka bado nasema awahi ziwani. Na hapa niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu #1 ameandika "wabichi" kana kwamba ni jambo dogo.

Mgebuka ana mafuta, tumbo lake linalainika upesi. Jicho liwe wazi na limetokeza, likiwa limezama na lina utando achana naye. Fungua shavu: damu nyekundu mbichi, si kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole, nyama irudi. Tumbo likiwa laini huku mgongo bado mgumu, huyo ana saa chache, mpike leo au mwache.

Mwambie akutolee matumbo na mashavu papo hapo, kisha suuza kwa maji safi, si ya pwani pale vyombo vinapoegeshwa. Uozo unaanzia kwenye hayo mawili. Barafu: kilo kwa kilo, samaki na barafu katika tabaka, barafu chini na juu, na ndoo iwe na upenyo wa maji kutoka. Samaki akielea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anapauka na kupoteza ladha. Bila barafu, umefika saa 12 na nusu, uwe jikoni kabla ya saa 3.

Ndiyo sababu ratiba ya Kibirizi kisha Mwanga ina kasoro moja ambayo nakiri: migebuka inakusubiri ukichagua maharage. Mwenye pikipiki apeleke samaki nyumbani kwanza. Asiye nayo, abadili: dagaa wakavu na Mwanga siku moja, migebuka siku nyingine.

#14 Mama Chikichi

Au anunue waliobanikwa, tatizo linakwisha. Aangalie tu nyama karibu na mfupa. Nje mweusi na ndani mbichi ni moto mkali wa haraka, ataoza katikati siku ya pili.

#15 Mtwale Mdogo

Nimeelewa. Mama, swali moja la mawese: wanasema ya mbegu mpya si mazuri kama ya asili. Kweli?

#16 Mama Chikichi

Mbegu mpya ni tenera, inayotokana na kuzalisha dura na pisifera, TARI Kihinga hapa hapa Kigoma wanazalisha. Dura, ya asili, ina kokwa yenye ganda nene na nyama chache. Tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi, kwa hiyo mkungu unatoa mafuta mengi zaidi. Mazuri au mabaya yanatoka kwenye kuiva kwa chikichi, siku za kuvundika na ukamuaji. Mkamuaji mzembe ataiharibu yoyote.

Ukifika nyumbani na una wasiwasi wa maji, chemsha kwa moto mdogo mpaka mapovu na mchachato viishe, acha yapoe, mimina polepole ukiacha masimbi chini. Usiyapandishe moto mpaka wekundu upauke, isipokuwa ndicho unachotaka. Yahifadhi gizani na kifuniko kibane.

#17 Mwisho wa Reli

Mmesahau kitu cha Jumamosi yenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Biashara nyingi hazifunguliwi mpaka usafi umalizike, kwa kawaida saa 4. Ukipanga ratiba ya #2 siku hiyo utapata samaki na kukuta Mwanga kumefungwa. Halafu baadhi ya wauzaji ni Wasabato, meza zao Jumamosi nzima hazina mtu. Kama muuzaji wako wa maharage ni mmoja wao, nenda Ijumaa.

Vyombo: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu, dumu la lita 5 lililooshwa na KUKAUKA (tone la maji ndani linaharibu mawese yaliyokuwa safi), kiroba cha maharage, na mfuko wa kitambaa au khaki kwa dagaa. Dagaa kwenye nailoni wanatoka jasho. Ukifika nyumbani waanike saa moja kabla ya kuwafunga kwenye ndoo.

Chenji ndogo pia. Saa 12 asubuhi Kibirizi noti ya elfu kumi ni kero, na kutuma kwa simu makato unabeba wewe.

#18 Bangwe

Na ziwa likifungwa, uvuvi ukisimamishwa? Mwaka 2024 lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti, wageni walikuwa wanauliza dagaa wabichi mwezi wa Julai.

#19 Kipe na Karabai

Likifungwa, nunua akiba wiki mbili kabla, si wiki ya mwisho. Wiki ya mwisho kila mtu anakausha harakaharaka na ndipo wenye maji wanapopenya. Kunja mmoja kutoka katikati ya gunia, si wa juu. Wa juu wamepigwa jua tangu asubuhi.

#20 Mtwale Mdogo

Basi ratiba kwa Jumamosi ya kawaida: Kibirizi saa 12, migebuka na dagaa, samaki nyumbani, Mwanga kwenye saa 2 kwa mawese, maharage na unga, kisamvu na nanasi mwisho ili visipondwe na debe. Sado yangu mkononi, mrija mfukoni. Kuna wa kunirekebisha?

#21 Sombe

Kisamvu kisiwe mwisho, mkuu. Majani machanga yanaisha mapema. Nanasi ndilo liwe mwisho.